Barua Iliyojibiwa kwa Maombi

Andiko la somo: 1 Samweli 2:22–25, 3:11–14

Wiki hii tumwangalie mtu ambaye wengi wetu tulijivunia, maana ni wa kwetu Afrika Mashariki. John Sentamu alizaliwa Uganda mwaka 1949, akawa wakili, kisha jaji. Alikosana na utawala wa Idi Amin, akawekwa ndani, na mwaka 1974 akakimbilia Uingereza. Huko akasomea theolojia Cambridge, akawa kasisi mwaka 1979. Mwaka 2005 akawa Askofu Mkuu wa York, wa pili kwa cheo katika Kanisa la Uingereza, na mtu mweusi wa kwanza kuwa askofu mkuu kule.

Na hakuwa mwoga. Mwaka 2007, akiwa hewani kwenye televisheni ya BBC, alitoa mkasi akaikata kola yake ya ukasisi vipande vipande, akasema hatavaa nyingine mpaka Mugabe atoke madarakani. Alikaa miaka kumi hivyo. Sisi Wapentekoste kola si kitu, lakini kwa Mwanglikana lile ni jambo zito.

Sasa sikieni. Mwaka 2013 kasisi mmoja aliandika barua. Alisema alipokuwa kijana, miaka ya 1980, alinajisiwa na kasisi aliyekuwa akikaa naye. Barua ilikwenda kwa Askofu wa Sheffield, na nakala kwa Sentamu. Sentamu aliisoma, akajibu. Alimwambia yule mtu kwamba anamwombea.

Basi. Hakuuliza polisi wameambiwa au la, wala askofu wake amefanya nini. Mshtakiwa alifikishiwa mashtaka mwaka 2017, akajiua siku aliyotakiwa kusimama kortini. Mlalamikaji hakupata hukumu yoyote.

Mwezi Mei 2023 ripoti ya uchunguzi huru ilitoka ikasema Sentamu alipaswa kuchukua hatua. Wakati huo alikuwa ameshastaafu, lakini bado akihudumu katika dayosisi ya Newcastle. Askofu wa pale, Helen-Ann Hartley, akamtaka akae kando. Tumtendee haki: yeye aliikataa ripoti. Alisema kwa sheria za kanisa lao askofu mkuu hana mamlaka juu ya kazi ya askofu mwenzake katika dayosisi yake. Kisheria huenda ana hoja, ni mtu wa sheria. Lakini mimi nilisomea biashara, na ofisini najua nakala ya barua inapelekwa kwa mkubwa kwa nini. Si ya kufungiwa kwenye faili. Ni ili mkubwa aulize, "Ile kesi imefikia wapi?"

Rudini kwa Eli. Watu husema Eli alinyamaza, lakini someni vizuri sura ya 2: Eli aliongea. Aliwaita wanawe akawakanya. Mashtaka ya Mungu katika 3:13 ni kwamba alijua, na hakuwazuia. Kukanya kulikuwapo, kuzuia hakukuwapo. Nyumba yake ikaanguka kwa hilo.

Siandiki haya kumcheka Mwanglikana. Nilipokuwa nikitumika mahali pengine, kabla sijaja Taru, mama mmoja alinifuata baada ya ibada. Alikuwa na neno kuhusu mtu mzima na binti yake. Niliguswa sana. Nikamshika mkono, nikaomba, tena niliomba vizuri, mpaka machozi. Kisha nikapanda boda nikaenda zangu. Nilijiambia mchungaji mkuu atalijua, wazee watakaa. Wiki ya tatu nikasikia yule mama alikwenda kituoni peke yake, kwa miguu, na mtoto. Sikuwa naye. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Kwetu huku tuna njia yetu ya kuzimaliza kesi hizi: wazee wanakaa chini ya mti, baba analipwa mbuzi, mtoto anaambiwa anyamaze asiharibu jina la ukoo. Au jina la kanisa! Kesi ya kunajisi mtoto si ya wazee wala ya mchungaji. Ni ya polisi, pale kwenye dawati la jinsia, na ya afisa wa watoto. Namba 116 ni bure, usiku na mchana. Mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kabla ya kuogeshwa na kabla nguo hazijafuliwa.

Mchungaji amekubali tuanze Jumapili hii. Anayekuja na neno la mtoto, mimi au mama mkuu wa idara ya watoto tutaandika tarehe, na mmoja wetu atafuatana naye mpaka kituoni. Nauli itatoka kwenye sadaka ya huruma. Tutaomba pia, tukiwa njiani.