Madoa Meupe ya Ngozi

Mtu aonapo doa jeupe mwilini mwake, mara nyingi neno la kwanza limjialo moyoni ni ukoma. Basi hulificha kwa nguo, asimwambie hata mkewe. Hofu hii twaiona ina hasara mbili: asiye na ugonjwa hukosa usingizi bure, na aliye nao huchelewa kupata dawa.

Vidoa vidogo kama punje za mtama, katika miundi na mikono ya mtu mzima, huletwa na jua na umri, havidhuru. Madoa ya kifuani na mgongoni, yatoayo unga yakikwaruzwa, ni utangotango, uletwao na kuvu ipendayo joto na jasho. Mbalanga ni nyeupe kama chokaa, wala haiambukizi.

Doa la ukoma si jeupe hasa, bali limepauka au lina wekundu, na alama yake kubwa ni ganzi. Mgonjwa na afumbe macho, mwenziwe amguse taratibu kwa ncha ya pamba, mara penye doa, mara pasipo doa, naye aonyeshe kwa kidole kila aguswapo. (Msitumie moto wala sindano!) Asiposikia penye doa, aende hospitali upesi; na hata akisikia, doa lisilopona lafaa kupimwa.

Tangu mwaka 1981 ukoma hutibiwa kwa dawa kadhaa pamoja, miezi 6 kwa mwenye madoa machache, 12 kwa mwenye mengi, na dawa hizo hutolewa bure. Huua vijidudu, lakini vidole vilivyokwisha kufa ganzi mara nyingi havirudi kusikia.