Kusikia Kabla ya Kujibu

JUMANNE

Soma Matendo 8:26–35. Filipo alifanya nini kabla ya kuanza kufundisha?

Filipo aliyajua Maandiko kabla hajafika kwenye njia iendayo Gaza. Hata hivyo hakufika na kuanza kuhubiri. Alilikimbilia gari, akamsikia towashi akisoma, akamwuliza swali moja, akapanda alipoalikwa. Kisha akangoja mpaka towashi mwenyewe aulize nabii alimnena nani, naye akaanzia fungu lile lile. Asingalikuwa amejiandaa, asingalikuwa na la kujibu. Asingalisikiliza, asingalijua pa kuanzia.

Wanaowahoji watu wanalijua jambo hili. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliwaendea wazee, wakiwemo wa Songea, kuwauliza habari za Vita vya Majimaji vya 1905–1907. Ilifaa waende na maswali. Lakini habari zenyewe walikuwa nazo wazee.

Ndivyo ilivyo katika kuwatembelea waliofiwa. Tuseme mzee wa kanisa huko Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa, anakwenda kumwona mama ambaye mwanawe alikwenda kuvua asirudi. Ameandaa mafungu matatu juu ya ufufuo, nayo ni mafungu mema. Wakiwa wameketi, mama anasema kwa sauti ndogo, “Jioni ile tuligombana, Mzee.” Kama mgeni ameinamia Biblia akitafuta fungu lake la kwanza, neno hilo litampita, na huenda mama asilirudie tena. Lakini akiifunga Biblia kidogo na kusema, “Pole, Mama. Ilikuwaje?” atagundua kwamba mzigo wa siku hiyo ni maneno ya mwisho aliyomwambia mwanawe. Atakuwa na haja ya kunena habari za msamaha kwanza. Ufufuo utakuja kwa wakati wake, naye mama atausikia.

Soma Mithali 18:13 na Ayubu 2:11–13, 42:7. Rafiki za Ayubu walifanya vema wapi, na walikosea wapi?

Soma 1 Petro 3:15. Kujiandaa na upole vinakwendaje pamoja?

Jadilini darasani: Ni nani aliyewahi kukwambia jambo zito nawe ukaendelea na ulilolipanga? Juma hili, utarudije kwake umsikilize?