Kuzungusha fimbo kabla ya kupiga

Swali: Kabla ya kupiga mpira wa gofu huzungusha fimbo hewani mara nne au tano, lakini pigo lenyewe huenda kombo. Nakosea wapi?

Jibu: Unazungusha bila lengo. Mara moja au mbili zatosha, kwa kasi ileile utakayopigia, kwenye nyasi zinazofanana na za pale mpira ulipo. Angalia fimbo inapokwangua ardhi: ikigusa nyuma ya pale mpira ungekuwepo, mara nyingi uzito wako umebaki mguu wa nyuma. Rekebisha kwanza. Kisha piga papo hapo, kabla mwili haujasahau. Kanuni za gofu, tangu 2019, zinapendekeza usizidi sekunde 40 kwa pigo. Na tafadhali, unapozungusha, simama mbali kidogo na mpira. Ukiusogeza kwa bahati mbaya katikati ya uwanja, unaongezewa pigo moja.