Mwaka Mmoja na Hesabu Zake: Somo la Baba kwa Mwanawe



Ndugu zetu wa pwani waliohamia Maswa, katika mkoa wa Simiyu, kwa biashara na kwa kazi, wamezaa watoto huko, na watoto hao waijua Januari hata Desemba kama wajuavyo majina yao. Ukimwuliza mmoja wao mfungo tatu ni mwezi gani, hunyamaza. Si kosa lake. Hakufundishwa, na baba ndiye wa kuulizwa. Wala jambo hili si dogo, kwani saumu, haji, eda na zaka zote huhesabiwa kwa mwezi mwandamo.

Kumkaririsha mtoto majina kumi na mawili matupu hakufai sana. Huyasema jioni akayasahau asubuhi. Mpe mwaka mmoja wenye khabari anazozijua, umpimie kwa hesabu zote. Sisi twachagua mwaka 1964, kwa kuwa shuleni amekwisha kusoma Mapinduzi ya Unguja ya tarehe 12 Januari na Muungano wa tarehe 26 Aprili.

Mwambie kwanza ahesabu siku zilizo baina ya tarehe hizo. Atapata siku 105, nazo ni majuma 15 kamili, kwani zote mbili zilikuwa Jumapili. Kisha mfunulie upande wa pili. Mapinduzi yalitokea mwishoni mwa Shaabani mwaka 1383, zimesalia siku chache Ramadhani kuandama. Na Muungano ulikuwa siku chache baada ya Idi ya kuchinja, katika mfungo tatu wa mwaka huo huo. Basi ndani ya majuma yale 15 mlikuwa na Ramadhani nzima na Idi mbili. Waliofunga Unguja mwezi ule walifunga katika msiba na khofu, wengine wamefiwa, wengine hawajui jamaa zao wako wapi. Tarehe za Kizungu peke yake hazimwambii mtoto hayo.

Na mjane aliyefiwa na mumewe siku ile ya 12 Januari, eda yake ni miezi minne na siku kumi. Akihesabu kwa miezi ya Kizungu atakaa mpaka tarehe 22 Mei. Kwa miezi ya mwandamo, ambayo ndiyo ya sharia, eda hutimia yapata siku tatu kabla. Mwache mtoto aifanye hesabu hiyo kwa kalamu yake.

Mwaka 1384 uliandama katikati ya Mei. Kwa hiyo jina la Tanzania, lililotangazwa tarehe 29 Oktoba 1964, kwetu ni la mwaka mwingine, katika mfungo tisa. Mtoto atauliza mwaka gani ndio wa kweli. Mjibu kwamba yote miwili ni ya kweli: mmoja wafuata jua, una siku 365 na robo, mmoja wafuata mwezi, una siku 354 au 355. Tena mwambie kwamba Qurani, katika Suratul Kahf, yataja miaka mia tatu na kuzidisha tisa. Naye akizidisha na kugawanya ataona kwamba miaka 300 ya jua ni kama 309 ya mwezi.

Kuhusu asili ya hesabu yetu, yatosha ajue kwamba Hijra ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa mwaka 622 kwa hesabu ya Kizungu, na kwamba Sayyidna Umar ndiye aliyeifanya kuwa mwanzo wa tarehe za Waislamu, ili barua na madeni yajulikane ni ya lini.

Iko hesabu ya tatu, ya Nairuzi, waliyoitumia mabaharia na wakulima wetu: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za kuzidi. Makunduchi hukoga Mwaka kila Julai. Hii mtoto wa Maswa na aisikie kama khabari ya wazee wake, basi. Yeye hana tanga la kungojea kaskazi wala kusi. Mwaka wake wa jua aujua kwa mvua na kwa pamba.

Hapo kwenye mazao ndipo baba mwenyewe apaswa kusikiliza. Mpunga hutolewa zaka uvunwapo. Pamba, katika madhehebu ya Imamu Shafi, haina zaka shambani. Lakini anunuaye mazao na kuyauza ana zaka ya biashara, na mwaka wake ni wa mwezi mwandamo. Wengi huhesabu msimu hata msimu, na msimu ni wa jua. Mwenye kufanya hivyo hutoa zaka mara 32 pale ilipompasa kutoa mara 33, na ile moja ni haki ya maskini iliyobaki sandukuni mwake.

Mkikwisha, mchoreeni mtoto karatasi ya safu mbili, Januari upande huu na mwezi mwandamo upande huu, kwa mwaka 2030. Mwaka huo Ramadhani yatazamiwa kuandama mara mbili, mwezi wa Januari na tena mwezi wa Desemba. Msimwambie sababu, mwacheni aitafute.