Nukta ya Jimu Isipotee



Kabla ya Ramadhani tulitumiwa kutoka Rumonge picha ya ukurasa wa dua wanazosoma watoto wa madrasa, ili tuitie kwenye tangazo letu. Tulipoipunguza itoshe, nukta chini ya jimu ilimezwa, na zile mbili za yaa zikawa doa moja. Basi palipoandikwa "rajim", aliyelaaniwa, pakasomeka "Rahim". Sifa ya Mola akapewa Shetani! Ahsante kwa aliyeona mapema.

Sababu ni hesabu tu. Picha ya simu huwa na upana wa pikseli kama 4000. Tuseme nukta imechukua pikseli 12. Ukishusha picha hadi 1000, nukta inabaki na 3, bado inaonekana. Ukishusha hadi 400 inabaki 1 hivi, nayo hugeuka kivuli cha kijivu.

Kwa hiyo kata kwanza, punguza baadaye. Ondoa meza, kidole na pambizo, ubakize mistari unayoihitaji tu. Hapo hutalazimika kupunguza sana. Katika GIMP, programu ya bure, acha alama ya mnyororo ikiwa imefungwa ili herufi zisirefuke wala kubanwa. Programu itakuuliza pia njia ya kukokotoa: chagua Cubic, inayochanganya pikseli jirani. Ukichagua None, inaokota pikseli moja na kutupa nyingine, na nukta ndiyo ya kwanza kutupwa. Hifadhi kwa PNG, maana JPEG iliyobanwa sana huacha uchafu kandokando ya herufi. Picha ya asili usiiguse, fanyia kazi nakala.

Kukuza picha iliyokwisha kupungua hakurudishi kitu. Kompyuta inakisia tu. Masahaba walisoma misahafu isiyo na nukta kwa sababu Qur'ani ilikuwa vifuani mwao, na nukta ziliwekwa baadaye, kazi ambayo Nasr bin Asim wa Basra hutajwa nayo. Sisi wengi tunategemea macho.

Kosa jingine lilikuwa njiani: WhatsApp huipunguza picha ikitumwa kama picha. Tuliomba ukurasa upigwe upya asubuhi, kivulini, utumwe kama faili. Kwa karatasi ya A4 tunataka pikseli kama 2480 za upana. Na kabla ya kutoa nakala nyingi, ndugu aliyehifadhi anasoma ile ya kwanza kwenye karatasi, si kwenye skrini.