Nyumba Mpya Bado Si Nyumba Safi



Katika somo letu la leo tutazungumza juu ya uchafu unaobaki wakati mafundi wamekwisha kujenga nyumba, wamefunga masanduku yao ya vyombo na kuondoka. Wengi hawauhesabu kuwa hatari. Mtu akipewa ufunguo, anafurahi, anaita ndugu zake, anabeba kitanda na sufuria, na usiku ule ule analala ndani. Kwa macho yake nyumba ni mpya, basi ni safi. Hapo ndipo anapokosea.

Huku kwetu Uvira jambo hili linatuhusu sana. Usiku wa tarehe 16 kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mvua ilinyesha, mto Mulongwe ukafurika na kuingia mjini. Watu makumi walikufa, na maelfu ya nyumba zilibomoka au kuharibika. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika nalo lilipanda, maji yakaingia katika nyumba za kando ya ziwa, hata upande wa Kalundu. Tangu hapo jamaa nyingi zimejenga upya, wengine pale pale, wengine juu kuelekea mlima. Na huko kwenye machimbo wenzetu wanalala katika nyumba za kontena zinazoletwa na lori zikiwa tayari. Zote hizo ni nyumba mpya, na zote zina takataka za ujenzi.

Sitawahukumu wengine. Mimi ninayeandika ni infirmiye, nimefundishwa usafi, na nilikosea kama mtu yeyote. Nyumba yetu ilipoanguka kwa mafuriko, tulijenga nyingine ya vyumba viwili. Kodi ya pale tulipopanga ilikuwa inakwisha, basi tulihamia siku ile ile fundi alipomaliza kupaka chokaa. Nje kulibaki lundo la mchanga, na pembeni yake nusu mfuko wa chokaa. Nilisema, "Nitaondoa Jumapili." Siku ya Ijumaa watoto walicheza kwenye mchanga, na konzi moja ya chokaa ikamwingia binti yangu katika jicho la kushoto. Mimi nilikuwa kazini. Jirani mmoja, kwa moyo mwema, alimtia mafuta ya mawese. Nilipofika saa moja ilikuwa imepita. Leo binti yangu anasoma shuleni vizuri, lakini jicho lile lina doa jeupe, na haoni nalo sawasawa. Kazi ya kuondoa mfuko ule ilikuwa ya dakika kumi.

KWANZA: VUMBI

Ninyi wachimbaji mnalijua vumbi la mawe. Mmefundishwa kutoboa mwamba kwa maji na kuvaa kinga ya pua, kwa sababu vumbi hilo linaleta silikosi, ugonjwa wa mapafu usiopona. Sasa jiulize: mchanga wa ukuta umetoka wapi? Na simenti, na matofali yaliyokatwa? Ni jamaa moja na lile jiwe la mgodini. Vumbi baya zaidi ni lile usiloliona. Chembe zake ni ndogo kuliko sehemu 1 ya 100 ya milimita, nazo zinapita puani na kushuka mpaka ndani ya pafu.

Mama anayefagia nyumba mpya kwa fagio kavu analirudisha vumbi hewani, na mtoto aliye mgongoni analivuta pamoja naye. Nyunyiza maji kwanza, kidogo kidogo, vumbi lilale, ndipo ufagie. Kisha pangusa kwa kitambaa chenye maji, ukianza juu: mbao za dari, halafu kuta, halafu madirisha, mwisho chini. Ukianza chini utafanya kazi mara mbili.

Neno moja juu ya nyumba za zamani za kambi. Baadhi ziliezekwa kwa mabati ya simenti iliyochanganywa na amianti. Nyumba kama hiyo ikibomolewa, usivunje vipande vile, usivikate kwa msumeno, usivifagie vikavu, wala usivitumie kufunika jiko. Amianti huleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Mwite mkubwa wa usalama.

PILI: MISUMARI, WAYA NA VIPANDE VYA BATI

Jeraha la msumari mara nyingi halitoi damu nyingi, na kwa hiyo watu wanalidharau. Lakini ni jeraha la ndani, na mdudu wa pepopunda anapenda kukaa mahali pasipo hewa. Mdudu huyo anaishi katika udongo na mavi ya wanyama. Ugonjwa huanza mara nyingi kati ya siku 3 na siku 21: taya zinakaza, shingo inakuwa ngumu, mwili unapindika. Wengi hufa. Kutu peke yake haileti pepopunda; msumari mpya ulioanguka katika udongo unaweza kuileta pia.

Mtu akichomwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni. Usiweke majivu, mavi ya ng'ombe, wala mafuta ya gari. Njoo dispansere siku ile ile na karatasi yako ya chanjo. Tutaangalia kama sindano zako zimetimia, na kama sivyo tutakuchoma. Usingoje taya zikaze.

Kuna njia rahisi ya kuokota misumari uwanjani. Chukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa, ifunge kwa kamba, na uiburute polepole kuzunguka nyumba yote, hasa pale mafundi walipokata mabati na kuvunja mbao za kumwagia simenti. Utashangaa itakachookota. Watoto wanaipenda kazi hii, lakini wavae viatu, na mtu mzima awe karibu.

TATU: CHOKAA NA SIMENTI MBICHI

Chokaa na simenti vikikutana na maji vinaunguza. Havichomi mara moja kama moto. Vinakula ngozi polepole, na mtu anasikia maumivu baada ya saa kadhaa. Fundi anayepiga magoti katika simenti mbichi anaweza kupata vidonda vikubwa. Jicho ndilo linaloharibika upesi.

Hapa msome mara mbili. Chokaa au simenti ikiingia jichoni:
- Usisugue.
- Mlaze mtu, fungua kope kwa vidole, mimina maji safi bila kusimama kwa dakika 20 au zaidi. Maji yatoke upande wa pua kuelekea sikio, yasiingie jicho la pili.
- Chembe zilizobaki juu ya ngozi au nguo kavu zipanguse kwanza, kisha osha.
- Usitie mafuta, maziwa ya mama, wala dawa ya majani.
- Mkimbize dispansere, na njiani endelea kumimina kama una bidoni.

Maji ndiyo dawa ya kwanza, na kila dakika ina thamani.

NNE: MAJI YA ROBINE MPYA

Bomba jipya si bomba safi. Ndani yake hubaki vumbi la plastiki, gundi, mchanga, pengine hata tope. Sisi wa Uvira tunajua kolera inavyorudi mara kwa mara. Tusiikaribishe kwa bomba lenye udongo. Kabla ya kunywa, fungua robine zote, toa vichujio vidogo vya mwishoni, na uache maji yapite mpaka yatoke meupe na bila harufu.

Tangi jipya lifagiliwe na kusuguliwa. Tangi la simenti lijazwe na kumwagwa mara kadhaa kwanza, kwa sababu linatoa chokaa. Halafu tia dawa: kwa kila litre 1000 za maji, litre 1 ya javeli ya asilimia 5. Acha usiku kucha, saa 12, na mtu yeyote asinywe. Asubuhi mwaga yote, suuza, ujaze tena.

Angalia sana: mafundi wengine wanatumia asidi kuondoa simenti juu ya kigae. Usichanganye kamwe asidi na javeli. Hewa ya sumu inayotoka inaweza kukuua katika chumba kidogo cha kuogea.

TANO: HARUFU YA NYUMBA MPYA

Wengi wanasema, "Nanusa upya." Kumbe ni rangi, gundi na dawa ya mbao.

Nitawapa mfano wa mbali. Kule Marekani kuna nyumba za magurudumu zinazovutwa na gari, ambazo watu huzitumia kwenda kupumzika. Zinajengwa kiwandani, tena upesi, na mnunuzi mara nyingi hukuta unga wa mbao, misumari na vipande vya waya chini ya kitanda na ndani ya makabati. Mwaka 2005 tufani Katrina ilipoharibu New Orleans na pwani yake, serikali iliwapa watu waliopoteza makao maelfu na maelfu ya nyumba hizo. Baadaye wakaaji wakalalamika: macho yanawasha, watoto wanakohoa. Kati ya Desemba 2007 na Januari 2008 wataalamu wa afya walipima hewa ndani ya nyumba 519. Walikuta fomaldehaidi nyingi kuliko kawaida ya nyumba za kule, na mwezi wa Februari 2008 wakashauri watu wahamishwe kabla ya joto kuanza, kwa maana joto linaizidisha. Fomaldehaidi ni ile ile inayotengenezewa formalini ya kuhifadhi maiti. Ilitoka katika gundi ya mbao za kubandikwa, kama tripleksi yetu.

Tunajifunza nini? Watu wale walikimbia maji kama sisi, wakaingia katika nyumba mpya iliyofungwa, na hewa yake ikawadhuru. Nyumba ya kontena yenye kuta za tripleksi, iliyokaa juani na madirisha yamefungwa, ni ndugu ya nyumba zile. Dawa yake haina bei: fungua milango na madirisha mchana kutwa, siku nyingi, kabla ya kulala ndani.

Na usijaribu kukausha kuta kwa kuwasha mbabula ya makala usiku na kufunga mlango. Hewa ya makala haina harufu wala rangi, inaua watu wamelala. Ukuta ukauke kwa upepo.

SITA: VITU VYA BURE VISIVYO VYA BURE

Mfuko wa simenti usiwekwe unga wa muhogo wala ndagala. Hata ukiukung'uta mara kumi, vumbi linabaki katika nyuzi. Kopo la rangi na bidoni ya dawa ya mchwa visichotewe maji, hata vikioshwa kwa sabuni. Vipande vya mbao vilivyopakwa rangi au dawa visipikiwe, moshi wake ni sumu na unaingia katika chakula. Lakini mbao nyeupe isiyo na kitu, pika tu.

Mashimo ya kuchanganyia simenti yafukiwe, makopo yapinduliwe. Maji yakisimama humo juma moja au mawili, mbu wa malaria wanazaliwa mlangoni pako. Na takataka zisitupwe mtoni wala katika mfereji. Mfereji ukizibwa na mawe na mifuko, mvua kubwa ikija maji yatatafuta njia nyingine, na njia hiyo ni nyumba ya jirani. Sisi wa Mulongwe hatuhitaji kufundishwa jambo hilo mara mbili.

MPANGO WA SIKU TATU

Siku ya 1: fundi angali hapo. Usimlipe sehemu ya mwisho kabla hajaondoa chokaa, simenti, mbao na mabati yake. Patana naye hivyo tangu mwanzo. Buruta sumaku, fukia mashimo.

Siku ya 2: nyunyiza, fagia, pangusa kutoka juu mpaka chini. Fungua madirisha. Suuza bomba, tia dawa tangini jioni.

Siku ya 3: mwaga maji ya dawa, suuza, pangusa mara ya pili, kwa maana vumbi la jana limeshuka usiku. Kama harufu ya rangi ingali kali, ngoja tena. Watoto waingie mwisho.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini tunanyunyiza maji kabla ya kufagia?
2. Chokaa ikiingia jichoni, tunafanya nini kwanza, na kwa dakika ngapi?
3. Ni vitu gani viwili visivyochanganywa kamwe katika chumba cha kuogea?
4. Mfuko wa simenti ulioko nyumbani kwako sasa una nini ndani?

Swali la nne msijibu kwa mdomo. Inukeni mkaangalie. Na yule mwenye nusu mfuko wa chokaa nje asiseme "Jumapili", kama nilivyosema mimi. Auondoe leo, kabla watoto hawajatoka shuleni.