Karatasi za Chooni Zikiadimika, Ninunue Ngapi?

SWALI: Ninaishi Marekani na mume wangu na watoto watatu. Nikisikia tetesi za uhaba, nakumbuka rafu tupu za Machi 2020. Je, nijaze stoo karatasi za chooni?

JIBU: Usijaze, dada yangu; piga hesabu. Andika tarehe kwenye roli mpya uone inakaa siku ngapi. Ikiisha kwa siku mbili, wiki nne zinahitaji roli 14. Hiyo inatosha.

Mwaka 2020, wakati wa korona, viwanda vya karatasi hizi havikusimama. Watu walihama ofisini na shuleni wakashinda nyumbani, na zile roli kubwa za maofisini si zile zinazouzwa dukani. Hofu ikamalizia. Hata Desemba 1973, mzaha wa mchekeshaji Johnny Carson kwenye televisheni kuhusu uhaba wa karatasi hizi ulitosha kuwakimbiza Wamarekani madukani.

Hifadhi akiba mahali pakavu, isiguse sakafu. Karatasi zikikwisha kabisa, birika la maji unalijua tangu utotoni. Ila usitupe gazeti wala tishu zenye unyevu chooni, zitaziba bomba. Na ukifika dukani, chukua kiasi chako, mwenzako naye apate.